Chui Aliyefumba Macho

Jumatano, 6 Novemba
Binti yangu Qiaoling kapiga simu. Mtoto wake anatimiza mwezi Jumamosi, nisisahau chui milia. Nisahau! Nani asiyejua kuwa bibi wa upande wa mama hupeleka chui wa unga siku hiyo amlinde mtoto, na wageni humkagua kuanzia masharubu hadi mkia? Lakini siku zote alifinyanga marehemu mama. Mimi nilichochea moto tu. Na mkwe wangu Gaizhen, mama yake mume wa Qiaoling, ndiye fundi wa kijiji chao — chui wake bado kunguruma tu. Nitaumbuka mimi!

Ijumaa, 8 Novemba
Asubuhi. Nimemfinyanga. Jamani, mzuri! Masikio nimekata kwa mkasi, milia nimebana kwa kitana, macho ni maharage meusi, kayakodoa kweli kweli. Mume wangu Shuanlao kachungulia, eti anaogopa kung'atwa.

Jioni. Balaa! Nilimpamba kama anavyotakiwa kuonekana mezani, nikasahau kwamba unga wa hamira huumuka. Kwenye mvuke mashavu yamevimba, kope zimefunika maharage. Chui kalala fofofo! Nimelia. Shuanlao kacheka mpaka kakaa chini. Hamira imekwisha, muda hakuna. Atakwenda huyu huyu.

Jumamosi, 9 Novemba
Nilimfunika kitambaa chekundu, nikaomba kisifunuliwe. Gaizhen akafunua mbele ya watu wote. Akamtazama chui, akamtazama Qiaoling na macho yake mekundu — mwezi mzima yule mtoto hajamwacha mtu alale. Kisha akapaza sauti: “Bibi mwenzangu, una akili wewe! Wenzako tunaleta chui wa kukesha, wewe umeleta wa kulala. Ndiye tuliyemhitaji!” Ua mzima kicheko. Furaha niliyoipata! Shuanlao anadai niliimba.

Jumatatu, 11 Novemba
Qiaoling kapiga: mtoto kalala usiku kucha. Bahati tu, nikamwambia. Hataki kusikia. Gaizhen naye hataki — kaja na basi la asubuhi, kabeba mfuko wa unga. Jirani yao mjamzito anataka chui kama yule. “Nifundishe, fundi.” Fundi! Mimi! Sasa hivi yuko jikoni, kashanawa mikono, ananiita nimwonyeshe zile kope nazifanyaje. Nimemjibu natafuta miwani.

Miwani ninayo usoni.