Mguu wa Mama

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule mkubwa kikohozi kimemwacha? Huku tupo. Wifi yako macho yanamsumbua kidogo, ila ulimi hauna tatizo lolote. Nami nashukuru, nakula, nalala, kazini naenda.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninakokwenda, kama kawaida yako, na nikishakatizwa sitathubutu tena. Kwa hiyo keti, usome mpaka mwisho.

Mwezi wa pili mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba. Jioni nikivua soksi naona imeacha alama kama nimefungwa kamba, asubuhi naamka hauna kitu. Nikasema ni kukaa tu. Kazi yetu mafundi viatu ni ya kukaa, kiatu mapajani kutwa nzima. Mwezi wa nne ukagoma kupungua hata asubuhi. Siku moja nikaubonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kikaacha shimo. Nililitazama lile shimo likijaa polepole, na mwili ukanisisimka, maana nilishawahi kuliona. Ulikuwa mguu wa Mama. Kushoto, palepale juu ya kifundo.

Toka siku hiyo namsikia.

Ingekuwa usiku ningesema ni ndoto. Mimi namsikia saa nane mchana, redio ya jirani ikiimba na watu wamejaa barabarani. Ndara moja inaburutwa sakafuni: fyuu, kimya, fyuu. Inakuja na ujia mpaka mlango wa karakana, inasimama. Nikiinua macho hakuna mtu. Kuna mteja alikuwa ananieleza habari za soli, nikamwambia, "Subiri kidogo, Mama anapita." Aliniangalia, akabeba kiatu chake gundi ikiwa bado mbichi, na mpaka leo sijamwona.

Wifi yako naye akanikuta nimeshika nyundo juu, siishushi.

"Unamsikiliza nani?"

"Hakuna."

"Hakuna gani huyo anakutoa jasho?"

Nikamwonyesha mguu. Habari ya ndara nikaimeza. Kesho yake tulikuwa hospitali.

Walipima moyo, wakapima figo, wakatafuta kwenye damu wale minyoo wa matende. Vyote safi. Daktari akasema si kila mguu uliovimba ni matende, kisha akauliza kama nyumbani kwetu amewahi kuwapo mwingine mwenye mguu wa namna hii. Nikainama kuvuta soksi. Wifi yako akajibu kwa niaba yangu: "Mama yake."

Alivyonieleza ni hivi. Mbali na damu, mwilini kuna maji mengine yanayoitwa limfu. Yana vijia vyake vyembamba, yanapita kwenye tezi, zile za kinenani na kwapani zinazouma ukiwa na kidonda, yanachujwa humo, ndipo yanarudi kwenye damu. Kuna watu wanazaliwa na vijia vichache au dhaifu, na jambo hilo linaweza kutembea katika ukoo. Wengine hawajui mpaka ukubwani. Maji yanakwama, mguu unajaa. Haliishi kabisa, alisema, lakini linatunzika.

Akanikabidhi kwa binti wa mazoezi ya viungo, umri wa mwanangu wa mwisho, sauti ya mwalimu mkuu. "Mzee," akaniambia, "damu ina pampu, ni moyo. Maji haya hayana moyo wa kuyasukuma. Pampu yake ni wewe mwenyewe, miguu yako na pumzi yako."

Basi nimekuwa mwanafunzi. Natembea kila asubuhi. Kazini natega saa ya jikoni, kila nusu saa inalia, nasimama, nainua visigino na kushusha mara ishirini, wateja wananicheka nami nawaacha. Napumua kwa tumbo, taratibu, mkono juu ya kitovu. Naosha mguu, nakausha vizuri katikati ya vidole, napaka mafuta, natafuta mpasuko kama mtu anayetafuta sindano. Mchana nauinua juu ya mto. Navaa soksi ya kubana waliyonipimia hospitali. Maji nakunywa, chumvi nimepunguza, na hiki kitambi unachokijua kinaanza kuniaga.

Nilimuuliza yule binti pia kuhusu ile chai ya kusafisha limfu anayouza jirani yetu wa dukani. Alicheka. "Itakusafisha tumbo, mzee. Mguu utabaki ulivyo."

Halafu akaacha kucheka. Akanishika goti, akasema siku yoyote mguu ukiwa mwekundu na wa moto, au nikipata homa, nisiukande, nisiusugue, nije hospitali siku hiyohiyo. Hapo nikaomba maji ya kunywa, Chiriku.

Sasa nakuambia ambacho sikukuambia kwa miaka kumi na tisa.

Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nilikuandikia kwamba Mama amekufa kwa homa, na homa kweli ilikuwapo. Ila kabla ya hapo, miaka minne kabla, aliniomba kiatu. Aliniomba mara tatu. "Baba, nishonee kipana, nipate kutembea mpaka sokoni na kurudi." Ngozi nilikuwa nayo. Kalibu, ule mti wa umbo la mguu tunaoshonea kiatu juu yake, ningeuchonga kwa siku moja. Lakini nilikuwa fundi mpya, jina ndiyo kwanza linaanza kutajwa, nikaona haya watu wauone ule mguu ukitoka mlangoni kwangu. Nikamjibu, "Mama, wewe pumzika. Kila kitu utaletewa." Majirani wakanisifu: mtoto anayemtunza mama yake, hata kutembea hamruhusu!

Akakaa. Miaka minne alikaa kwenye kile kiti cha ujiani, akiinuka ni kwenda chooni, akiburuta ndara ya marehemu Baba, maana ndiyo pekee iliyomwingia. Mguu ukazidi. Siku moja ngozi ikapasuka katikati ya vidole, kitu kidogo, huwezi hata kukiita kidonda. Kesho yake mguu wote ulikuwa mwekundu, unachoma kama pasi. Nikachemsha maji, nikamkanda. Nikausugua kwa mikono yangu hii, kwa nguvu, nikiamini namsaidia. Yeye aling'ata pindo la kanga asinipigie kelele. Siku ya tatu tulimbeba mpaka hospitali, lakini tulikuwa tumechelewa.

Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamsimulia yote. Nikamuuliza kama kiatu kingemwokoa.

"Siwezi kukuambia angepona," akasema. "Naweza kukuambia angetembea."

Nimelibeba neno hilo nyumbani, na sijui niliweke wapi.

Matembezi yangu ya kwanza yalikuwa ya tabu. Nilipofika kwenye ukuta wa shule nikaisikia nyuma yangu, fyuu, kimya, fyuu, mchangani safari hii. Shingo ilitaka kugeuka. Sikugeuka, nilipunguza mwendo. Nikaenda mpaka tangi la maji na kurudi, mwendo wa mtu mwenye mguu mzito, na siwezi kukuambia kama mguu huo mzito ulikuwa wangu au wake. Sasa ni wiki saba. Kifundo kimeshuka kutoka sentimita thelathini na moja hadi ishirini na nane. Sauti haijaondoka. Wifi yako nimemweleza. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha. Nikikaa kupumua huwa namwomba Mama radhi, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Hajanijibu bado.

Sasa nifike kwenye picha uliyotutumia wiki iliyopita, ile umesimama mlangoni mwa ofisi na wenzako. Umependeza. Lakini nimeshona viatu zaidi ya miaka ishirini, siwezi kumtazama mtu nisianzie miguuni. Kamba ya kiatu cha kulia umeifunga mpaka juu. Ya kushoto umeruka matundu mawili, na ulimi wa kiatu umesukumwa nje. Ngozi imetanuka upande wa ndani. Ngozi hainidanganyi mimi. Na uliniambia mwenyewe kwamba siku hizi unakaa kitini muda wa saa tisa kwa siku, unapokea simu za watu.

Mdogo wangu, nenda hospitali. Usinunue chai ya mtu, wala usimwite mtu wa kukukanda. Waambie mama yetu alikuwa na mguu wa hivyo, na kaka yako anao. Wapime. Wakati unasubiri siku ya kwenda, inuka kwenye kile kiti, tembea, na uangalie katikati ya vidole vyako kila siku. Kama nimekosea, kama ni kiatu tu kilichokubana, nipigie unicheke mpaka uchoke, uniite mzee wa mizuka mbele ya watoto wako. Sitakasirika. Nitaiweka simu kwenye spika, wifi yako naye asikie.

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake nitaitengeneza akija. Wabusu wapwa zangu wote watatu. Wifi yako anasema ametuma salamu mbili, moja yako na moja ya mguu. Mungu akulinde unapokanyaga na unapoketi, na akupe miaka ambayo Mama hakuipata.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyechelewa kusema,

Fundi