Kikombe Kilichonipita

Ndhiwa, 11 Februari 2024

Kwa mwanangu Dishon,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na nikikusalimu wewe ni kama nimesalimu nyumba yote. Natumai kifua kimeacha kukukohoza. Msalimie Orpah mke wako, mwambie ile sweta aliyonitumia nimevaa hata leo na jua hili, watu wananicheka. Msalimie Valentine mjukuu wangu, muulize kama jino limeota. Salimia washirika wako wote wa Kehancha, hata wale hawanijui. Huku dada yako Linet ni mzima, bado anashona nguo pale sokoni. Mama Pamela jirani anakusalimu sana, mguu wake umepoa. Kaburi la baba yako tumelipalilia. Ng'ombe yule mwekundu amezaa, ni ndama wa kike. Mimi presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, usijali. Lakini unakula? Orpah alisema unafunga sana. Kufunga ni kuzuri, ila na wewe kula.

Sasa, uliniambia nikuandikie vile nilibatizwa, eti unafundisha watu juu ya ubatizo. Nimefurahi mpaka nimechukua daftari ya Linet. Kwa simu siwezi, kwa simu unaniambia "Mama, niko mkutanoni" kabla sijamaliza salamu. Shule niliacha darasa la nne, usicheke mwandiko.

Ilikuwa mwaka wa tisini. Mimi nilizaliwa kwa Wakatoliki, walinitia maji kichwani nikiwa mchanga, hata sikujua. Nilipoolewa hapa nikamsikia Mchungaji Walter akihubiri chini ya mabati ya soko, anasema mtu aamini kwanza, yeye mwenyewe, ndipo aingie majini. Nikaamini, Dishon. Si kwa sababu ya baba yako. Niliamini nikiwa napepeta mtama, peke yangu, nikaweka ungo chini nikalia.

Mama yangu hakunisemesha mwaka mzima. Alisema nimetupa meza ya nyumbani.

Siku ya ubatizo tulikuwa watu saba. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko kwa Wakisii, mto Riana umefura, rangi yake kama chai ya maziwa. Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, na huyo ndani alikuwa wewe, unapiga teke kama umeonewa. Basi nikabatizwa, tukaimba, tukarudi nyumbani. Mwezi uliofuata nikaketi Meza ya Bwana mara ya kwanza. Ile juisi ilikuwa kidogo hata haijazi kijiko, lakini nilisikia nimekaribishwa mahali.

Niandikie kama hii itafaa kufundisha.

Mama yako,
Benta


Kehancha, 20 Februari 2024

Mama mpendwa,

Salamu za Orpah na Valentine zikufikie. Jino limeota, na sasa anauma kila kitu. Kifua ni sawa. Ninakula, Mama.

Barua yako imenigusa sana. Nina swali moja tu. Umeandika "basi nikabatizwa", lakini hukusema ulivyobatizwa. Mto ulikuwa umefura na wewe ulikuwa mja mzito. Je, Mchungaji Walter alikuzamisha mwili wote? Usiogope kunijibu. Hii ni kati ya mama na mtoto wake.

Mwanao,
Dishon


Ndhiwa, 2 Machi 2024

Kwa mwanangu Dishon,

Salamu nyingi, sisi ni wazima, ndama ananyonya vizuri. Linet anakusalimu. Salimia Orpah, na huyo mwenye jino.

Swali lako limenikosesha usingizi siku tatu. Kitu hiki nilimwambia baba yako tu, na yeye amelala nacho. Lakini wewe ni mtoto wangu tena ni mchungaji, nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Hakunizamisha. Wale sita aliwazamisha, wanaume wawili wakimshika asibebwe na maji. Nilipofika mimi, wa mwisho, wote walishaenda vichakani kubadili nguo, akaangalia tumbo, akaangalia mto, akasema, "Binti yangu, ukiniponyoka hapa nitakuwa nimeua wawili." Akaniweka pale maji yanafika magoti, akateka kwa jagi, akanimwagia kichwani mpaka nguo zikalowa zote. Akaniambia, "Ukishajifungua tutamalizia." Ukazaliwa. Ukawa mgonjwa miezi sita. Kabla hujapona yeye akahamishwa Rongo, na aliyekuja baada yake alinikuta kwa daftari ya washirika, hakuuliza. Mimi pia sikusema. Nilikuwa mama kijana, nilijua wakiniambia niondoke Mezani sitakuwa na meza popote, kwetu nilishafukuzwa.

Mchungaji Walter amekufa, Mungu amrehemu. Kwa hiyo sasa tuko watu wawili tunaojua.

Kama ni dhambi niambie pole pole. Ichome barua hii ukimaliza. Na unijibu, moyo unanienda mbio.

Mama yako,
Benta


Ndhiwa, 7 Mei 2024

Kwa Mchungaji Dishon,

Salamu. Salimia Orpah na Valentine, wao hawana kosa.

Nilikuandikia mwezi wa tatu hukujibu. Nikasema ana kazi, ana semina ya Pasaka huko Rongo. Halafu tukasikia unakuja kuhubiri kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya mwezi, ya Meza ya Bwana. Unajua vile nilipokea habari hiyo? Nilipiga deki mpaka uani.

Jumamosi nikakanda mkate wa Meza kama nilivyokanda miaka kumi na tisa. Unga, maji, chumvi kidogo, hamira hapana. Nikauoka, nikaukata vipande vidogo, nikavifunika na kitambaa cheupe. Linet akaniambia, "Leo umeukata kama wa harusi." Nikamwambia, "Ni mtoto wangu ataumega."

Ukasimama pale. Ukasema mkate haugeuki kuwa kitu kingine, ni ukumbusho. Nikasema amina. Ukasema kila mtu ajichunguze. Nikajichunguza. Ukasema Meza hii ni ya aliyeamini, akazamishwa majini, na anatembea vizuri na kanisa lake. Hapo sikusema amina, lakini nilikutegemea wewe. Nilisema moyoni, anajua, angekuwa na neno angeniambia.

Shemasi Maxwell akaja na sahani. Alipofika benchi letu akakuangalia. Wewe ukainamisha macho ukatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Sahani ikapita juu ya magoti yangu, ikaenda kwa Mama Pamela. Mkate wangu mwenyewe, Dishon, harufu ya mikono yangu. Halafu na sinia ya vikombe ikapita vile vile. Mama Pamela akaninong'oneza, "Benta, umemuua nani?"

Sikulia. Niliimba wimbo wa mwisho wote.

Nje Maxwell akanifuata, anajifanya ananipa pole. "Mama, kama mto ulikuwa kama chai ya maziwa, si ungengoja tu ukauke?"

Chai ya maziwa. Hayo ni maneno yangu. Niliyaandika kwa daftari ya Linet, nikakutumia wewe.

Nikamuuliza umeyatoa wapi. Akasema kwa semina, Mchungaji alisoma barua ya mama mmoja, jina hakutaja. Lakini Maxwell amezaliwa hapa, anajua Riana, anajua Mchungaji Walter. Alikuuliza baadaye na wewe ukakubali ni mimi. Nikamuuliza, je, alisoma na ile sehemu ya mimba? Aliwaambia ni nani alikuwa tumboni? Akasema, "Mimba gani, Mama?"

Hiyo uliruka.

Kama ungenijia jikoni Jumamosi, ukaniambia "Mama, kesho usichukue", ningekaa nyumbani nikasema presha imepanda. Ningekufichia hata hilo. Tangu lini unaniogopa?

Benta


Kehancha, 28 Mei 2024

Mama yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Shikamoo, Mama. Orpah hanisemeshi vizuri tangu aliposoma barua yako.

Ni kweli niliisoma kwa semina. Nilitaka kuonyesha kwamba mambo haya yako kwa nyumba zetu, si kwa vitabu tu. Sehemu ya mimba niliiacha kwa sababu nilijua wangejua ni wewe, na kusema kweli, niliona aibu kwamba mimi ndiye sababu. Maxwell aliponiuliza, wachungaji wengine walikuwa wanasikiliza. Ningesemaje?

Lakini, Mama, naomba unielewe. Sisi hatusemi mkate unaokoa mtu. Hata maji hayaokoi. Hayo mawili ni maagizo ya Bwana, na yana utaratibu wake: kuamini, kuzamishwa, ndipo Meza. Kuzamishwa ni picha ya kuzikwa na kufufuka. Jagi halimziki mtu. Ningekupa wewe kwa sababu ni mama yangu, kesho ningemnyima mwingine kwa uso gani? Wokovu wako hakuna aliyeutilia shaka.

Nimepanga jambo. Jumamosi kabla ya tarehe saba Julai nitakuja alfajiri, kabla watu hawajaamka. Tutashuka Riana sisi wawili tu, nikuzamishe, na kesho yake uketi Mezani. Hakuna atakayekuwa na neno.

Nisamehe kwa uchungu niliokuletea.

Mwanao,
Dishon


Ndhiwa, 4 Juni 2024

Kwa Dishon,

Marahaba. Mimi ni mzima. Linet ni mzima lakini amekukasirikia kuliko mimi, ukimpigia hatashika. Mwambie Orpah akusemeshe, nyumba isikae kimya na mtoto mdogo ndani. Valentine asile udongo, ndio wakati wake huo.

Juzi ilikuwa Meza. Sikukanda mkate. Hawakuniomba, na mimi sikujipeleka. Mama Pamela ameniambia walinunua biskuti dukani, za maziwa, zimefura na hamira, wakavunja wakala. Na hakuna shemasi aliyesema kitu. Jagi la Mchungaji Walter wameliona baada ya miaka thelathini na nne, hamira ya juzi hawajaiona. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Linet akaja kuangalia kama ni presha.

Umeandika vizuri juu ya utaratibu. Nimesoma mara mbili, na nakubali, usidhani mimi ni mjinga. Picha ni picha, na yangu haikumalizika. Mchungaji Walter mwenyewe alisema tutamalizia. Maji siyaogopi. Hata ukaniambia niingie mbele ya Ndhiwa yote nitaingia, na nguo nyeupe nitashona mpya.

Lakini alfajiri na wewe, kimya kimya, hapana. Nilifichwa mara moja nikafichika miaka hii yote, na ona kilichotoka. Uliyoyatoa kwa watu huwezi kunirudishia kwa siri.

Tena kuna hili. Ni ninyi mlinifundisha mtu aingie majini kwa moyo wake. Wangu sasa umejaa hasira, na hasira yenyewe ni juu ya yule anayetaka kunishika mgongo. Ukinizamisha hivyo utakuwa umenilowesha tu. Na hiyo Meza, si Bwana alisema ndugu yako akiwa na neno juu yako uache sadaka yako uende mpatane kwanza? Wewe uliumega ule mkate ukala. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwako ama uliichoma kama nilivyokuomba? Ulijichunguza, Dishon? Mimi nilinyimwa kwa sababu ya jagi. Wewe nani alikuangalia akatikisa kichwa?

Sisemi hivi nikutukane. Nasema kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia, wote wanakuita Mchungaji.

Kwa hiyo njoo mapema, kabla ya Jumamosi hiyo yako. Njoo mchana, watu wakuone unaingia kwa mama yako. Biblia iache kwa Orpah. Uniambie kwa mdomo wako ulichofanya, bila kuniwekea utaratibu mbele. Halafu Jumapili usimame uwaambie kanisa ni nani alikuwa tumboni siku ile. Ukimaliza hayo, maji yapo, na mchungaji wetu kijana wa hapa ndiye atanishika. Wewe utasimama ukingoni na leso yangu kavu, kama mtoto wa mtu.

Kama huwezi, sitakufukuza. Nitakupikia. Lakini sitashuka mtoni.

Basi nijibu haraka, hata kwa mtu anayekuja soko la Alhamisi, nijue ni nani anakuja. Akiwa ni Mchungaji, nitatoa vikombe vya kabati, vile vya wageni. Akiwa ni Dishon, kile chako cha bati, chenye kuchubuka mdomoni, nimekisugua na majivu leo asubuhi. Kiko juu ya meza.

Nijibu haraka.

Mama yako