Mkasi, Kasula na Ndege ya Mwanza

Jumatatu, 14 Julai
Nimetarizi tangu asubuhi. Tawi la pili la kahawa limekamilika kwenye kifua cha vazi. Bado matunda yake mekundu. Baridi kali. Moshi nzima iko chini ya mawingu, mlima hauonekani. Nimefungua mlango wa duka nusu. Wenye sare za shule nimewaambia warudi wiki ijayo. Wamenuna. Wanune.

Jumamosi mdogo wangu Deo anapata upadre huko Mwanza. Kasula, lile vazi la juu atakalosomea misa, naishona mimi. Wifi Prisca, mke wa kaka, alitaka inunuliwe dukani. Alisema mbele ya kikao cha ukoo kwamba kazi za mkono huchelewa. Mama ndiye aliyenitetea. Sitachelewa.

Jumanne, 15 Julai
Ukoo unaondoka kesho na basi. Mimi wamenikatia tiketi ya ndege ya Alhamisi ili nipate muda zaidi wa kushona. Sijawahi kupanda ndege. Nilikuwa na furaha mpaka Prisca alipopita dukani. Akatazama meza yangu.

"Wifi, huo mkasi watakunyang'anya uwanjani. Na sindano zote."

Akaenda zake. Leo simpendi kabisa.

Sijala mchana. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mkasi wangu ni wa kushoto, alinitafutia sista aliyenifundisha kushona, na hapa mjini sijauona mwingine. Mkasi wa mtu mwingine mkononi mwangu unatafuna satini. Na bitana, kitambaa cha ndani ya kasula, haijakatwa, maana lazima nimpime Deo kwanza. Bila mkasi ule hakuna kasula.

Jumatano, 16 Julai
Jirani yangu wa duka la vitambaa amewahi kusafiri na ndege. Anasema mkasi nisiwe nao mkononi, niuweke kwenye begi kubwa linalokwenda chini na mizigo. Kumbe ni hilo tu! Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Mama kabla ya kupanda basi kaniachia ndizi mshare. Ati Deo hawezi kuingia upadre bila kula mtori wa nyumbani. Nikamwambia, Mama, hata Mwanza kuna ndizi. Akazisukumia kwangu. Nimezipakia.

Kasula nitaibeba mwenyewe. Hiyo simwachii mtu.

Alhamisi, 17 Julai
Naandika nikiwa Mwanza. Mkono umechoka lakini lazima niandike.

Begi lilizidi kilo. Zile ndizi! Kijana wa kaunta akasema nipunguze. Foleni nyuma yangu ndefu, watu wanaguna. Nikachanganyikiwa. Badala ya kutoa ndizi nikatoa kipochi cha mkasi na sindano, nikakitumbukiza kwenye mkoba wenye kasula. Ujinga mtupu. Begi likaondoka na mkanda.

Kwenye mashine ya ukaguzi wakanisimamisha. Dada mmoja mpole akatoa kitu kimoja kimoja. Tondoo, kile kikofia cha kidoleni cha kushonea, sawa. Sindano akazitazama, akanirudishia. Mkasi akabaki nao.

"Mama, huu ni mrefu, hauingii ndani ya ndege. Uuache hapa, au urudi nao kaunta uende chini na mizigo."

"Nikirudi si ndege itaniacha?"

"Ukikimbia haikuachi."

Nilikimbia nao. Kwa mwili huu. Kijana wa kaunta akasema mkasi mtupu hapokei, lazima uwe ndani ya kitu kisichofunguka. Begi limeshaenda. Boksi sina. Machozi yalikuwa yanakuja. Halafu nikajiuliza, mimi si fundi?

Nikavua kitenge begani. Nikauviringisha mkasi ndani, nikachukua sindano na uzi wa kushonea jinzi, nikashona palepale juu ya kaunta. Mshono mara mbili, kila kona. Waliokuwa wanaguna wakaanza kutazama. Mzee mmoja mwenye koti akasema, "Kaza hapo, mama, kaza!" Nikakaza. Kijana akakivuta kifurushi huku na huku. Hakikuachia. Akacheka, akafunga lebo.

Niliporudi kwenye ukaguzi yule dada alinipungia mkono, nipite haraka. Nilipita kifua mbele.

Tukapanda. Mawingu, mawingu, kisha ghafla jua. Na Kibo hiyo hapo, nyeupe juu, karibu kama nyumba ya jirani. Nikatoa kasula nikaipakata. Nikatarizi matunda ya kahawa huku mlima ukiwa dirishani. Sijawahi kujiona mkubwa hivyo.

Mwanza begi lilitoka mapema. Kifurushi hakikutoka. Watu wakachukua mizigo yao wakaondoka. Mkanda ukazunguka mtupu. Ndipo kikaja, cha mwisho, peke yake. Nilikidaka na kukikumbatia kama mtoto.

Ijumaa, 18 Julai
Nimempima Deo. Amekonda. Nimekata bitana, mkasi umeteleza bila kukwama. Nimeshona mpaka jicho likaanza kucheza. Prisca akaja bila kuitwa, akakaa pembeni, akawa ananitungia uzi kwenye sindano. Habari ya kununua dukani hakuitaja tena. Nami nikampa sindano nyingine. Imekwisha kabla ya jua kuzama.

Jumamosi, 19 Julai
Deo ni padre!

Walipomvika kasula akageuka kuelekea kwetu. Nyeupe, na kahawa yetu imepanda kutoka pindoni mpaka kifuani, matunda mekundu yanawaka. Kanisa zima likalipuka kwa vifijo. Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Imemkaa sawasawa mabegani, haivuti popote. Hilo niliangalia kwanza, Mungu anisamehe. Kisha ndipo nikalia.

Nje, mama mmoja aliuliza tumeinunua wapi. Prisca akamjibu kabla sijafungua mdomo:

"Hainunuliwi hiyo. Kaishona wifi yangu."

Nimeshinda. Nimecheza ngoma mpaka kiatu kimeachia.

Jumapili, 20 Julai
Misa yake ya kwanza asubuhi. Mtori baadaye, Deo kala bakuli mbili. Kisha akavua viatu, akalala kwenye kochi, mdomo wazi, anakoroma kama alivyokuwa mdogo. Nilitaka kuongea, Mama akaweka kidole mdomoni. Tumekaa wote wawili kumtazama. Sikuwa na kazi yoyote mkononi.