Mzee wa Kwenye Picha

Aline mjukuu wangu,

Hapa Kamembe tuko salama. Maman yako amepona, amerudi kuuza samaki sokoni.

Unasoma habari za ubaguzi maktabani, ukaniuliza mimi niliujua lini. Ni utotoni, Bukavu, katika maktaba ya parokia. Mimi na rafiki yangu Furaha tulifungua kitabu cha zamani, tukaona picha ya mzee akipimwa pua kwa chuma. Chini yake waliandika kabila tu.

Furaha aliitazama pua yangu.

“Kumbe weye hauko muntu ya huku.”

Tangu siku ile hakukaa nami tena. Nilirudi peke yangu kumtazama yule mzee. Alionekana ameona aibu, na jina lake sikulipata popote.

Nyanya yako