Majani ya Kufungiwa

Ngungu, tarehe 6 Novemba 2022

Mpendwa mudogo wangu Falone,

Nakusalimia sana mu jina la Yesu. Baridi ya huko Norvège inakufanya aje, na kile kifua chako? Uvae muzuri. Sisi tuko wazima, Noël wangu anakohoa kidogo tu, na Mama anakuombea kila siku.

Sasa kaa, nikupe utamu.

Unakumbuka vile shemeji Bisengimana alifukuza ngombe zangu tano ku kilima, hata matanga ya bwana yangu hayajaisha. Alisema zinamaliza majani. Akapiga senyenge, zile waya za miiba, akafunga kilima chote myaka tatu, eti anawekea majani ngombe za mahari ya binti yake Umulisa, kama muntu anaweka maziwa mu kibuyu. Mimi akaniachia kipande kidogo pembeni ya barabara.

Njo barua yako ikafika. Uliandika kama huko kwenye barafu, mu kazi yenu ya kuchunguza majani, muliyazungushia senyenge, wale wanyama wakubwa wa manyoya marefu wasiingie. Kisha myaka, mukakuta ndani majani makavu na ile kitu ya kijani yenye kuota ku mawe vimefunika yote, machipukizi yamepunguka. Inje, kwenye wanyama wanakula, yanachipuka. Ukaniambia nimuonye shemeji.

Falone, sikumuonya. Nilikunja barua, nikaiweka mu Biblia, nikanyamaza. Wacha afunge!

Alhamisi wakwe walileta ngombe munane. Bisengimana, na kofia yake na fimbo, akafungua lango mbele ya watu wote. Ngombe ziliingia, zikanusa yale majani makavu ya kufika ku magoti, zikageuka. Ee Mungu wangu! Zilishuka zote mpaka ku kipande yangu, kwenye ngombe zangu zinakula kila siku na majani iko mafupi, laini. Zikainamisha vichwa. Wakwe walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, nilikuwa namuangalia yeye tu.

Jana alikuja kwangu, anazungusha kofia mu mikono. « Mama Noël, leta ngombe zako ku kilima, zitusaidie kukanyaga haya makavu, mapya yachipuke. »

« Shemeji, ngombe zangu zinamaliza majani. »

Dada, ilikuwa tamu kushinda asali! Nikamuambia zitapanda siku atang'oa ile senyenge na mikono yake mwenyewe, nguzo kwa nguzo, mimi nimekaa namuangalia. Amekubali. Anaanza kesho.

Nikuambie ukweli: leo nilipanda huko peke yangu. Pale fasi kwenye bwana yangu alipenda kupumuzika, majani laini yamekufa yote. Nililia. Kilima iko ya Noël pia, na mimi nilijua, nikanyamaza.

Lakini kiti ya kesho nimekwisha kuitoa inje.

Mujomba Athanase na mama mukubwa Laetitia wanakusalimia. Mungu akukinge na baridi, akuepushe na watu wa roho ya senyenge.

Wako akupendaye, na asiyesahau,

Dada yako Verdiane