Picha Mbili za Nairobi

Moa, Tanga
14 Novemba 1996

Kaka yangu Maulid,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Wete mkiwa wazima, wewe, wifi na watoto. Mama hajambo, ila magoti tu. Anayetutia simanzi ni mdogo wetu Tuhfa.

Ulisikia alivyoanguka Mfungo Tatu, akiwa kwenye cherehani yake. Hospitalini walimtibu malaria. Nyumbani akafukizwa na kuzinguliwa. Kichwa kikawa kilekile. Ndipo Mjomba Shaib akatuvusha Horohoro hadi Mombasa, na daktari wa huko akatutuma Nairobi, kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo.

Tulivuliwa bangili, hereni, hata pini za mtandio. Nasema tulivuliwa kwa kuwa daktari alitaka nami nipimwe. Ugonjwa aliouhofia hurithiwa katika ukoo. Mle ndani ni kama mwanandani wa kaburi, Kaka, na mashine inagonga kama mafundi wa bati.

Baadaye daktari aliniita peke yangu, akanipa picha zote mbili. Yangu safi. Ya Tuhfa ina madoa meusi kama mbegu za papai, na kila doa ni mahali mshipa ulipovuja damu. Moja liko shinani mwa ubongo, kisu hakifiki. Nikamwuliza tufanye nini. Akasema, "Mrudishe kwa mama yake."

Kaka, sasa nakuungamia. Tuhfa alikuwa akinisubiri nje. Akaniuliza, "Dada, nitapona?" Nikaazima mkasi kwa nesi, nikakata kona yenye jina langu, nikampa picha yangu na kumwambia ndiyo yake. Alicheka mpaka akalia. Tuliporudi alishika tena cherehani, akaikubali posa ya Mudathir wa Jasini, aliyokuwa akiikataa kwa ajili ya maradhi. Nikanyamaza. Wakaoana.

Jumatatu aliamka upande mmoja umekufa, ulimi umefungika. Mudathir anamwonyesha kila ajaye ile picha, anaapa kuwa ubongo wa mkewe ni mzima, hili ni shetani. Ameita mganga kutoka Pongwe. Sijathubutu kumwambia kitu. Tuhfa ananitazama tu, hapepesi. Nadhani amejua.

Nawe ukapimwe, Kaka, ukipata njia. Na kama unakuja, njoo sasa. Wifi na watoto nawasalimu sana; Mama anakuombea dua.

Ni mimi ndugu yako,
Rahila Kombo