Wifi Alisema Inawasha

Jumatatu, 3 Machi
Nimemuunguza wifi. Dada wa mume wangu, mtu aliyenitafutia hii kazi ya saluni! Nilimpaka dawa ya kulainisha nywele, simu ikaita, nikatoka nje kupiga soga. Akaniita, inawasha. Nikamjibu kutoka mlangoni avumilie, urembo una gharama. Nilipomwosha, nywele za utosini zikabaki kwenye sinki. Nikamwambia dawa ilikuwa mbovu. Ulimi wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Sijalala. Nawaza, nawazua. Angenifokea ningepumua, lakini kamwambia kaka yake ni bahati mbaya tu. Leo nimemchana mteja kwa woga hadi akauliza kama bado najifunza kazi. Jumatatu ijayo wifi anaanza kazi mpya, mapokezi hotelini, na kichwa kile.

Alhamisi, 6 Machi
Yule mama wa kucha, mwenye meza dirishani, kanikuta nalia kwenye kabati la mataulo. Kasema nisishindane na hatia. Ni mgeni tu — nimpe kiti akae, ila nisimpikie. Nimecheka na makamasi juu.
Mchana nikajaribu. Kifua kikabana, nikakiambia sawa, bana. Nimekosa, naona aibu, naogopa. Mawazo yakapunguza mbio. Nikafagia saluni nzima bila kujitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Moyo mwepesi. Mwepesi mno. Nimekubali yote — kimoyomoyo! Wifi bado anailaumu dawa. Kumbe nakubali huku ndani ili nisiende kusema kule nje. Mjanja mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kaja na kitambaa kichwani. Kapita kiti cha bosi, kaketi kwenye changu. Anataka zinyolewe zote, Jumatatu aingie kazini na kichwa kimoja, si viraka. Nikasema bosi ana mkono mzuri kuliko wangu. Kakataa. Ananiamini mimi, makosa yalikuwa ya dawa.
Nimekimbilia stoo, eti natafuta mashine ya kunyolea. Mashine hii hapa mapajani, chini ya daftari. Aibu imenijaa hadi masikioni, na ijae. Nikingoja iishe sitasema kamwe. Nitamwambia kabla sijawasha mashine: uliniita, nilikusikia, nikapuuza.
Anaita huko, kwa upole kabisa — wifi, umeipata?